Tela ya pikipiki mbili na chumba cha kulala, mwaka na nusu wa kuitumia Dodoma

Kila nikisimama sheli kuweka mafuta lazima mtu asogee aulize, bosi hii tela umeitoa wapi, imeletwa kutoka nje nini? Hapana jamani, imechomelewa hapa hapa Dodoma, Kizota, kwa mafundi wa kawaida tu wanaotengeneza mageti na bodi za Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Nimekaa nayo mwaka na nusu sasa, imeenda Kolo kule Kondoa, imeenda bwawa la Mtera, imepanda mlima Nyang'oro mpaka Iringa na kurudi, kwa hiyo naandika yote ili anayefikiria kutengenezesha ya kwake ajue anaingia kwenye nini. Jina la karakana siliweki, kuna mambo walinikosea na mengine wakayarekebisha, na sina nia ya kumharibia mtu riziki yake.

Kwanza kwanini nilihitaji hii kitu. Mimi na shemeji yangu, mdogo wake wife, tunapenda sana pikipiki. Yeye ana Boxer 150, mimi nina Yamaha DT 125, ile waliyokuwa wanapanda mabwana shamba, na kwenye mchanga na mawe mpaka leo sijaona ya kuishinda. Tatizo ni familia. Kutoka mjini mpaka Kolo ni kama kilomita 180, ukienda na pikipiki ule upepo wa mwezi wa saba unakupiga ubavuni njia nzima, mke na watoto wako kwenye gari, mizigo iko kwenye gari, mkifika wewe umechoka hata hamu ya kuzunguka huna. Tuliwahi kukodi Kirikuu ibebe pikipiki itufuate nyuma, kwenda na kurudi tukalipa laki tatu na nusu na bado usiku tukalala gesti. Nikapiga hesabu nikaona bora nitengeneze tela moja, nyuma zikae pikipiki, mbele kuwe na chumba kidogo cha kulala, Prado ivute, basi.

Tulikubaliana milioni 5 na laki 2, vifaa vyao na kazi yao, godoro langu. Nikatanguliza milioni 3. Wakaniambia wiki tatu, nimekuja kuichukua wiki ya tisa. Kila nikipita naambiwa kesho bosi, umeme ulikatika, kesho bosi, plaiwudi haijafika, na ukiangalia pembeni unaona geti la mtu mwingine aliyekuja juzi limeshapigwa rangi. Hilo liliniuma sana na niliwaambia usoni.

Kazi yenyewe ya chuma lakini ni nzuri, hapo siwadai. Fremu ni chaneli nzito, ekseli ni ya nyuma ya Hilux ya zamani na springi zake, na hili ndilo jambo la akili kuliko yote waliyofanya, maana rimu za Hilux zina nati 6 na zinaingia kwenye Prado yangu bila shida, kwa hiyo tairi la spea linahudumia gari na tela. Aliyewahi kupasuka tairi la tela kule kati ya Chemba na Kondoa na rimu yake ya ajabu ajabu isiyopatikana popote anajua ninachosema. Chumba kina urefu wa mita 2 na upana mita 1 na sentimita 40, ndani plaiwudi, nje bati la alminiamu, godoro la futi 4 kwa 6 linalala vizuri na pembeni unabaki mstari wa kuweka viatu na tochi. Nyuma ya chumba kuna jukwaa la bati zito lenye vidutu, na juu yake mifereji miwili ya chuma ya kukaa matairi ya pikipiki.

Sasa tuje kwenye kilichotaka kutuua.

Safari ya kwanza ilikuwa Sabasaba. Tukatoka saa 12 asubuhi, mimi nyuma ya usukani, wife pembeni, shemeji na watoto nyuma. Mpaka Msalato safi kabisa, nikasema hapa nimepata kitu. Tumeshapita Zamahero, lami imenyooka, kuna kamteremko, niko 85, basi la abiria likatupita kwa kasi. Upepo wa basi kwanza ukatusukuma nje, halafu lilipomaliza kupita ukatuvuta ndani, na hapo tela ikaanza kutingisha mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara inazidi kidogo. Usukani ukawa mwepesi kama matairi ya mbele yamenyanyuka, kwenye kioo naona tairi la Boxer linatoka upande huu linarudi upande ule. Wife akashika dashibodi, "Baba nini hicho?" Sikumjibu.

Nilichofanya ni kuachia mafuta na kushika usukani ulionyooka bila kujaribu kuifuata tela. Breki sikugusa. Ukikanyaga breki pale gari linapunguza mwendo lakini tela bado inakuja, inakusukuma nyuma wakati imekaa upande, inajikunja na inakulaza. Na ukijaribu kuirekebisha kwa usukani, ikienda kushoto na wewe unakata kushoto, unachelewa kila mara na unaiongezea nguvu. Mwendo ulipofika kama 50 ikatulia yenyewe. Nikapaki pembeni, tukashuka wote, hakuna aliyeongea kwa dakika kadhaa, shemeji anazunguka tu anakagua mikanda. Mpaka Kolo nilienda 60 sikuzidisha.

Niseme kidogo kuhusu Kolo maana ndiyo sababu ya kubeba pikipiki. Ile michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro ni zaidi ya 150 yaliyotawanyika kwenye vilima, siyo sehemu moja unapaki unaangalia unaondoka. Unajiandikisha ofisi ya mambo ya kale pale barabarani, unapewa mwongozaji, halafu kwenda Mungumi wa Kolo, moja ya sehemu zenye hiyo michoro, ni njia ya mawe na makorongo ya mchanga, mwisho unapanda kwa miguu. Familia wakabaki kwenye tela wanapika chai, mimi na shemeji tukashusha pikipiki, mwongozaji akapanda nyuma ya Boxer, tukaenda. Korongo moja pale Prado ingeingia lakini kutoka ningemtafuta mtu mwenye trekta. Pikipiki zinapita pembeni kwenye kinjia cha mbuzi. Siku ya pili tukazunguka vijiji vya upande wa Pahi, kila ukisimama unaonyeshwa jiwe lingine lenye watu wembamba warefu wekundu. Hii raha huwezi kuipata na gari peke yake, na ndiyo maana pamoja na yote yaliyotokea tela sikuiuza.

Niliporudi Dodoma nikaanza kutafuta kosa liko wapi, na kosa lilikuwa limekaa kwenye sentensi moja aliyoniambia fundi siku ya kukabidhiwa. Pikipiki zikiwa juu, aliinua pua ya tela, ile ncha ya mbele inayoshika gari, kwa mkono mmoja, kwa furaha kabisa, akasema ona bosi ilivyobalansi, hata mtoto anainua. Nikamsifu na mimi. Kumbe ule wepesi ndio ugonjwa wenyewe. Tela ya ekseli moja inatakiwa pua yake ilalie gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote. Ikiwa chini ya hapo, uzito mwingi umekaa nyuma ya ekseli, na chochote kitakachoisukuma, upepo, basi, shimo, kinaanza ule mchezo wa mkia. Fundi aliweka ekseli karibu katikati ya fremu, na akaweka pikipiki zote mbili, kama kilo 240 na mafuta yake, nyuma kabisa ya ekseli. Tela tupu unaona imekaa sawa, pakia pikipiki uone.

Sikutaka kubishana kwa maneno. Nikaenda kwenye ghala moja la nafaka lenye mizani ya kupimia malori, nikakata tela kutoka kwenye gari ikapimwa peke yake na pikipiki juu, na maji, na godoro, kila kitu kama tunasafiri, ikasoma kilo 780. Halafu nikamuomba mzee mwenye mahindi pale mzani wake wa magunia. Shikamoo mzee, naomba nipimie kitu kidogo. Marahaba, unapima nini tena na hilo dude? Tukaweka kigogo juu ya mzani kufika usawa wa kichwa cha kuvutia, tukalaza pua ya tela juu ya kigogo. Kilo 30. Kilo 30 kwa 780, haifiki hata asilimia 4. Mzee mwenyewe hana habari na tela lakini alivyoona ule mshale umesogea kidogo akatikisa kichwa.

Karakana wakataka laki 4 kuirekebisha. Hapo tulikwaruzana, kwa sababu mteja hawezi kulipia kosa la fundi, tukaishia laki na nusu ambayo mpaka leo naona sikustahili kuitoa. Wakakata vishikio vya springi wakarudisha ekseli nyuma sentimita 28, na mimi madumu mawili ya maji ya lita 20 nikayahamishia kwenye kisanduku cha mbele. Nikarudi kwa mzee wa mahindi, safari hii kilo 90. Kama asilimia 11 na nusu hivi.

Tofauti yake huwezi kuamini ni tela ile ile. Nimeshapitwa na mabasi, malori yenye tela, upepo wa Agosti pale tambarare za Mpunguzi, inatulia kama imeshonwa kwenye gari. Siendi zaidi ya 80 hata hivyo.

Ila kuna gharama yake. Ukishusha pikipiki, ule uzito wa nyuma uliokuwa unasaidia kuinua pua umeondoka, pua inakuwa nzito, nimeipima inafika 170. Kuinua peke yako sahau. Inahitaji kigurudumu cha pua chenye jeki, na hawakuweka, mimi natumia jeki ya gari na tofali, kazi ya kuchosha sana jioni. Na kinyume chake, usipandishe wala kushusha pikipiki kabla tela haijashikwa na gari, kwa sababu ukisimama na pikipiki kwenye ncha ya jukwaa pua inaruka juu. Miguu miwili ya kutegemeza nyuma waliweka, ni imara, ukilala tela haichezi.

Kufunga pikipiki ndiko watu wengi wanakosea, na mimi pia nilikosea mwanzo kwa sababu nilizoea kamba ya katani na mpira wa tyubu kama wanavyofunga bodaboda mizigo. Mpira unavutika. Kila shimo pikipiki inaruka kidogo, mpira unaachia unarudisha, baada ya kilomita 50 imeshahama. Nunua mikanda ya racheti, mipana, na usiipitishe kwenye usukani juu, pitisha chini pale shokapu za mbele zinapobanwa pamoja, vuta mbele na chini pande zote mbili mpaka shokapu zishuke kama nusu. Ukiminya mpaka mwisho unaua sili za shokapu, ukiacha juu pikipiki inacheza. Mikanda miwili ya nyuma ni ya kuzuia tu tairi lisihame. Weka gia, na stendi iwe juu, isisimamie stendi, ukivuta mkanda wakati imeegemea stendi unaipinda stendi au unakuta mkanda umelegea ikiegemea vizuri. Sisi DT inaangalia mbele, Boxer inaangalia nyuma, hivyo sukani hazigongani. Halafu simama baada ya kilomita chache za mwanzo ukaze tena, mimi nikitoka mjini kwenda Kondoa nasimama Msalato, kila safari mikanda huwa imelegea, kila safari.

Na koki ya mafuta, funga. Safari ile ya kwanza sikufunga ya DT, matuta yakatingisha kabureta mafuta yakawa yanadondoka kidogo kidogo, tulipofungua chumba Kolo kilinuka petroli mpaka godoro. Watoto walalie hapo? Wakalala kwenye gari, sisi nje kwenye hema, na baridi ya Kolo mwezi wa saba wanaoijua wanaijua. Baadaye nikaongeza tundu mbili za hewa zenye wavu, moja chini kabisa karibu na sakafu maana mvuke wa petroli unakaa chini, na moja juu.

Safari ya Mtera ilikuwa Desemba na ndiyo iliyonifundisha mambo mawili. La kwanza beringi. Kila nikisimama huwa naweka mgongo wa mkono kwenye kitovu cha kila tairi la tela, uvuguvugu ni kawaida. Tulivyosimama Fufu upande wa kulia vuguvugu, wa kushoto nikaondoa mkono haraka. Tukafungua pale pale barabarani, ndani grisi kidogo kama ya kupaka mkate na imeshachanganyika na vumbi, sili ni ile ile ya zamani ya Hilux imekatika ukingo. Hawakubadilisha. Walisema wamebadilisha. Bahati nilikuwa na grisi na shemeji ana mikono mizuri, tukasafisha kwa dizeli tukajaza upya tukaenda 50 mpaka Mtera, kurudi nikaweka beringi na sili mpya pande zote. Ukienda kuchukua tela yako, kabla ya kulipa hela ya mwisho, waambie wafungue vitovu mbele yako.

La pili mvua. Usiku pale karibu na bwawa ilinyesha ya kweli, na maungio ya paa juu ya mlango yakavuja matone yakaangukia miguuni. Siliconi ya elfu 8 ikamaliza. Joto la Mtera nalo ni kali na madirisha mawili hayatoshi, ningeweka dirisha la tatu juu ya kichwa. Vyandarua vya madirisha lakini vimefungwa vizuri, pale Mtera mbu ni wengi na hakuna hata mmoja aliyeingia, asubuhi tukaamka tukanunua perege wamekaangwa pale barabarani watoto wakala mpaka wakashindwa.

Nyang'oro kupanda siyo shida, gia ya pili, taratibu, magari mengine yatakupita. Kushuka ndiko. Tela haina breki. Nchi nyingi za Ulaya tela ikizidi kilo 750 lazima iwe na breki zake, yangu ni 780, na nilivyokuwa nashuka nilielewa kwanini, unausikia ule uzito unakuja mgongoni kila kona. Nilishuka gia ile ile ya kupandia, breki nagusa naachia, nagusa naachia, na bado chini nilisikia harufu. Kinachoniuma ni kwamba ekseli ya Hilux imekuja na ngoma zake za breki na viatu vyake, viko pale, hawakuunganisha tu.

Makaratasi msiyapuuze. Tela ina usajili wake TRA, kadi yake, namba yake, na bima yake, siyo kwamba inaingia kwenye kadi ya gari. Karakana walisema watashughulikia, hawakushughulikia, nikafuatilia mwenyewe. Trafiki wamenisimamisha mara nyingi tu kwa sababu ni kitu kigeni machoni, wanaangalia namba, wanaomba uwashe indiketa na taa za breki za nyuma, wanauliza pikipiki za nani, wanakuruhusu. Wiring ya taa ilikatika mara moja pale waya ulipokuwa unasuguana na fremu, nikauingiza kwenye mpira.

Mafuta, Prado yangu ni dizeli, bila tela napata kama kilomita 10 kwa lita, na tela imejaa saba na nusu.

Kwa hiyo ukiniuliza ningetengenezesha tena kwa wale wale, ndiyo, uchomeleaji wao haujapasuka hata sehemu moja baada ya njia zote zile na bei yao ni ya mtu wa kawaida. Ila ningekuja na kipimo cha ekseli nimekiandika kwenye karatasi, ningesimama pale siku wanaifunga, na ningebakisha milioni moja mpaka ipimwe na pikipiki juu yake. Wiki iliyopita nimewapelekea waunganishe kebo ya breki ya mkono kwenye zile ngoma na waweke kigurudumu cha pua. Fundi kaniambia Ijumaa. Nimemwambia mizani ile ya magunia naenda kuiazima tena kwa mzee, na hela iko mfukoni mpaka tukimaliza kupima.